Nilivyomfuata Désiré Kwenye Vilima vya Divai

Kila anayeingia dukani kwangu siku hizi anakaa kwenye benchi, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Bon, Bosco, hata hutuelezi?" Nikianza kueleza, mteja anaingia na suruali inayotaka zipu mpya, na habari inakatikia Addis. Matokeo yake ni kwamba mmoja wenu anajua nilikula farasi, mwingine anajua nilipotea kwenye kituo cha treni, na wa tatu, ambaye simtaji kwa sababu bado sijamaliza koti lake, anatangaza njia nzima ya Grande Barrière, mpaka wa Goma, kwamba nilikwenda Italia kunywa. Kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Mtasoma kwa zamu, bila kula mandazi juu ya karatasi, na mimi nitaendelea kushona.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kiti. Wazazi wetu waliporudi kutoka Masisi, kule Kongo, nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na nilipopata akili niliona familia imeshatembea vya kutosha kwa niaba yangu. Kabla ya mwaka huu safari yangu ndefu ilikuwa Musanze, kwenye harusi, na niliondoka kabla ya keki. Aliyepewa miguu kwetu alikuwa mdogo wangu Désiré.

Gisenyi: siku mbili za kushona

Désiré alikuwa Italia mwaka wa sita. Mama alijua kwamba anafanya kazi ya matunda. Hakudanganywa, zabibu ni tunda. Ila hakuna kati yetu wawili aliyemweleza kwamba matunda hayo yanakamuliwa, yanachemka yenyewe bila moto, na kugeuka divai nyekundu ya watu wenye viatu vizuri. Mama ameokoka tangu zamani. Hata maziwa yakiganda kupita kiasi anayaombea kabla ya kuyanywa.

Mchana mmoja wa mwezi wa pili ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, kwa Kifaransa, kutoka kwa mwanamke mwenye shamba, Madame Lucia. Ulisema Désiré amekufa ndani ya kave, yaani ghala la chini ya ardhi wanakowekea divai. Ulisema pia kwamba anasikitika. Basi. Nilikuwa na wateja watatu, na nadhani niliusoma kwa sauti, maana kabla sijafunga duka mji ulikuwa na habari yake tayari: mtoto wa Mama Bosco amelewa, ameanguka kwenye pipa, amezama.

Mzee Yonasi wa kanisa la mama alikuja asubuhi iliyofuata. Si mtu mbaya. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Mama Bosco, tunalia pamoja na we," alisema. "Lakini sheria yetu unaijua. Mutu akifa ndani ya pombe, kanisa haimuzike. Familia inaweza kumuzika, hakuna anakataza. Ila kwaya haitaimba, na mi sitafungua Biblia."

Mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Utaenda."

"Mama, mi?"

"Iko mwingine?"

Nilitazama pembeni, kama vile mwingine angeweza kutoka nyuma ya kabati.

"Uniletee mutoto wangu," mama alisema. "Na uniletee ukweli. Alikuwa amelewa ao hakulewa. Kama alilewa, uniambie alilewa. Usinishonee uongo, Bosco. Nakujua, unashonaka vizuri."

Mambo ya karatasi nayaruka. Yaliniongezea mvi na hayachekeshi. Nitasema tu kwamba wakati nikisubiri karatasi hizo nilifunga duka siku mbili nikashona suti nyeusi, yenye bitana ya buluu, ya kumzikia mdogo wangu. Vipimo nilivitoa kichwani. Aliondoka hapa akiwa mwembamba kama futi yangu ya kupimia, na ndivyo nilivyomshonea.

Kigali na Addis: bwana arusi

Kutoka Gisenyi mpaka Kigali nilitapika mara mbili, na wale mliosema mara nne mliambiwa na kondakta, ambaye ana chuki binafsi.

Suti niliibeba mikononi, imetundikwa kwenye hanga ndani ya plastiki, kwa sababu sikutaka ikunjike. Hilo lilikuwa kosa la fundi. Mtu mwingine yeyote angeikunja. Mwanaume wa makamo, amenyoa vizuri kwa hofu, anaingia kwenye ndege amekumbatia suti mpya: kila mtu alijua mimi ni bwana arusi. Msichana wa ndege aliichukua suti kwa mikono miwili, akaitundika mahali pake maalumu, akaniletea kipande cha pili cha keki. "Félicitations," akasema. Nilitafuta Kifaransa cha kukataa pongezi, nikakuta keki imeshafika mdomoni. Nikaila. Naomba mnielewe. Sikuwa nimekula kitu kikakaa tumboni tangu Gisenyi.

Addis kulikuwa na ukungu, na ndege yetu ikakataa kuondoka kwa muda wa saa tisa nzima. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye mabegi mengi kuliko mimi nguo. Aliitazama plastiki, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Yaya, kaka yangu, bibi arusi iko wapi?"

"Hakuna bibi arusi, mama. Suti ni ya mudogo wangu."

"Yooo! Mudogo anakutangulia kuoa? Na we unakubali?"

"Ametangulia," nikasema.

Ilitoka hivyo tu, sikuipanga. Alicheka, kisha akaniangalia uso, kicheko kikafa. Hakuuliza la zaidi. Alifungua begi, akatoa chapati iliyofungwa kwenye gazeti, akaikata mbili, akanipa nusu kubwa.

"Kula. Mutu wa musiba anakula kwanza. Kulia iko njiani, itakukuta tu."

Tulikula. Halafu alizungumza kuhusu bei ya vitenge mpaka walipoita ndege yake, bila kunipa nafasi ya kusema neno, na mpaka leo sijui kama alikuwa msemaji kwa asili au alinihurumia.

Milano na Verona: jina kwenye boksi

Kuhusu treni: ni kweli nilipanda iliyokuwa inakwenda upande mwingine. Mwenye akili anasoma ubao. Mimi nilimfuata padri, nikidhani padri hawezi kupotea. Yeye hakupotea. Alikuwa anakwenda kwao.

Verona nilifika nimechelewa kwa saa nne kupita muda niliomwandikia Madame Lucia. Baridi ile siwezi kuwaeleza ninyi mnaosema kule juu Bugeshi kuna baridi. Ilipita ndani ya koti, ndani ya sweta, ikatafuta mtu. Watu walipungua kituoni mpaka nikabaki mimi na mwanamke mmoja mrefu, nywele za kijivu zimekatwa fupi kama za mwanafunzi, aliyekuwa ameshika kipande cha boksi. Kwenye boksi ameandika kwa kalamu nene: DÉSIRÉ.

Baadaye Madame Lucia, maana ndiye, alinieleza kwamba jina langu hakulijua, kwenye simu ya Désiré nimeandikwa "Kaka" tu, na jina hilo ndilo lililomjia la kuandika. Lakini pale nilisimama. Nilimwona mtu aliyekuja kumpokea mdogo wangu, na aliyetoka kwenye treni ni mimi, na suti.

Vilimani: siku kumi na moja

Nilidhani nitakaa siku mbili. Wakubwa wa uchunguzi walisema maiti haitoki mpaka wamalize kazi yao, na hawakuwa watu wa haraka. Nilipewa chumba cha Désiré, juu ya ghala. Kitanda chake, blanketi lake, picha ya ziwa letu aliyoibandika ukutani kwa plasta ya kidonda. Mtu wa kiti kama mimi, nikalala katika safari ya mwenzangu.

Nyumbani pale walikuwa wawili tu, Madame Lucia na baba yake, mzee mnene asiyejua lugha yoyote ninayoijua. Lucia alifanya kazi Ufaransa alipokuwa msichana, kwa hiyo Kifaransa chake kibovu na changu kibovu vilikutana katikati. Na mzee tuliongea kwa chakula. Siku ya kwanza alimwaga juu ya ubao wa mbao kitu cha njano, kizito, kinachotoa moshi. Nilikiangalia. Kilikuwa bugali! Wao wanakiita jina jingine na wanakila kwa uma, lakini bugali ni bugali. Nilinawa, nikakata tonge kwa mkono, nikachovya. Mzee aliweka uma wake chini, akakata tonge lake kwa mkono, akachovya. Binti yake aligeuka kutazama dirishani.

Siku ya pili alileta nyama nyeusi, laini, iliyopikwa ndani ya divai saa nyingi. Nilikula sahani mbili, kisha nikauliza kwa ishara ni mnyama gani. Mzee alikunja ngumi mbele ya kifua kama anayeshika kamba, akaanza kurukaruka kitini. Kumbe farasi. Sasa mnajua ilivyokuwa, na mnaweza kuacha kunililia kama farasi ninapopita sokoni.

Divai yao ilikuwa kila mezani, na mimi nilifunika glasi yangu kwa kiganja. Mimi si mtakatifu, mmeniona na bia. Lakini nilikuwa nimetumwa kuuliza kama mtu alilewa, na nilitaka niulize kwa pumzi safi.

Lucia alinionyesha inavyotengenezwa, labda kwa sababu alishindwa kukaa kimya na mimi. Ni divai ya mababu zao. Zabibu zinachumwa, lakini hazikamuliwi. Zinalazwa kwenye vitanda vya matete, darini, penye upepo, miezi mitatu minne, mpaka zinajikunja kama uso wa bibi. Halafu katikati ya baridi ndipo wanazikamua. Tone ni dogo, lakini zito. Linachemka polepole wiki nyingi, kisha linangoja miaka. Jina lake linatoka kwenye neno lao la uchungu.

Majirani zake wote, alisema, wanaichemshia kwenye mapipa ya mbao au ya chuma. Yeye alichimba shimo ndani ya kave, refu kama watu wawili waliobebana mabegani, akazika humo mitungi ya udongo mikubwa, akachemshia humo, ardhini. Wazee wa vilima vile walimcheka. Halafu wageni wakaanza kuja kutoka nchi za mbali kuonja, na wazee wakaacha kucheka.

"Wazo lilitoka kwenu," aliniambia. "Désiré alinisimulia kuhusu ndizi."

Nilielewa mara moja. Babu yetu wa Nyamyumba alikuwa akichimba shimo, anawasha moto wa majani, anapanga ndizi humo na kuzifunika kwa udongo ziive, ndipo anakamua urwagwa, pombe ya ndizi. Mimi na Désiré tulikuwa tukilala kifudifudi ukingoni tunanusa. Mama alikuwa akituvuta kwa masikio. Kumbe mwenzangu alibeba shimo la babu mpaka Italia, na mwanamke huyu akalichimba tena, refu zaidi.

Nilisema ni wazo zuri.

Siku ya sita daktari wa uchunguzi alimpigia Lucia, naye akanipa simu. Daktari alisema taratibu, kwa Kifaransa: mdogo wangu ameuawa na hewa. Divai ikichemka inatoa hewa nzito isiyo na harufu, inakaa chini, inasukuma hewa ya kupumua. Nilimwuliza swali la mama.

"Ndiyo, pombe ilikuwemo kwenye damu," akasema. "Kidogo. Lakini ilikuwemo."

Nilirudi kitandani kwa Désiré nikakaa na viatu. Nilianza kutunga nitakavyomwambia mama. Ninyi mnafikiri nilikuwa natunga ukweli? Nilikuwa nashona.

Koti

Siku ya nane waliniruhusu kumwona. Sitaandika alivyoonekana. Nitaandika kwamba suti haikuingia. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine, mikono imekuwa minene, shingo ya mbeba mizigo. Nilisimama pale na koti langu la kijana mwembamba, mtu wa kazi hii miaka ishirini, na futi nilikuwa nimeisahau Gisenyi. Nilimpima mdogo wangu kwa viganja.

Mchana huo nilikaa jikoni kwa Lucia nikamwomba mkasi, uzi mweusi na wembe. Nikaanza kufumua. Fundi aliyelelewa katika shida anaacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, kwa hiyo palikuwa na mahali pa kupanulia. Lucia alikuja akakaa mbele yangu, akanishikia mkono wa koti nikate vizuri. Mzee alikuwa mlangoni.

"Mabega yamekuwa mapana," nilisema.

"Ni ngazi," alisema. "Kila siku alishuka na kupanda, na ndoo."

Nikaendelea kufumua.

"Daktari amekwambia kuhusu pombe," alisema tena.

"Ameniambia."

"Tunaonja kila asubuhi, Bosco. Mitungi yote. Unaweka mdomoni, unatema. Haitoki yote."

"Madame, kwa mama yangu kuonja na kulewa ni majirani wa ukuta mmoja."

Alilainisha mkono wa koti kwa kidole gumba. Halafu akasema, akiangalia kitambaa na si mimi, "Hakuwa amelewa. Aliteremsha mshumaa."

Wembe ukasimama mkononi mwangu.

Hapa nawaandikia ninyi mliozaliwa hapa, kwa hiyo sihitaji kueleza sana, lakini karatasi hii inaweza kufika mbali. Upande wetu huu wa volkano kuna hewa tunayoita mazuku. Inatoka ardhini, inalala mabondeni, haionekani, hainuki. Mbuzi anaingia, anapiga magoti, amekwisha. Watu wetu wanateremsha moto kwanza. Moto ukizimika, hakuna anayeshuka. Na kuna jambo ambalo mama alitufundisha kabla hajatufundisha kuvuka barabara: ukiona mtu ameanguka kwenye mazuku, usimfuate. Awe nani. Lete kamba, ita watu, ngoja upepo. Wa kwanza anakufa kwa kutojua. Wa pili hana kisingizio.

Désiré alipoona shimo la Lucia limeanza kuchemka, hakuuliza ni hewa gani. Kila asubuhi alifunga mshumaa ndani ya mkebe, akauteremsha kwa uzi. Lucia naye alikuwa na kifaa kipya ukutani, kinacholia hewa ikiharibika.

"Msimu wa kuchemka kinalia mchana kutwa," alisema. "Wageni wanaonja huko juu, hawasikilizani. Nilikizima. Mimi."

"Halafu?"

"Asubuhi ile mshumaa ulizimika. Alituambia sote: hakuna kushuka. Akafungua milango, akaenda kuleta feni kubwa. Na mimi nilikuwa na wageni wa saa sita. Nilitaka chupa moja tu ya kuonjesha. Nilisema ni dakika moja. Nikavuta pumzi, nikaizuia, nikashuka."

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama vizuri. Alikuwa na alama ya kidonda juu ya sikio, mahali alipojigonga, nami kwa siku nane nilidhani ni namna ya kunyoa.

"Kuanzia hapo sikumbuki," alisema. "Baba ndiye anayekumbuka."

Mzee mlangoni hakuelewa maneno, lakini alielewa tumefika wapi. Aliinua mikono yake miwili, viganja juu, akasukuma. Akasukuma tena, kitu kizito, kutoka chini. Kisha akainama akaonyesha yeye anavyovuta kutoka juu. Kisha akarudia viganja vile vya kusukuma, na akaviacha vianguke, kimoja, halafu kingine.

Sikulia. Nilikasirika, na kwa kuwa sijui kukasirika kwa Kifaransa nilisema kwa Kiswahili chetu chote, kwa sauti ambayo hamjawahi kuisikia humu dukani. Halafu nikamwuliza kwa Kifaransa kwa nini amenilisha siku nane bila kusema.

"Mwanasheria alisema ninyamaze. Kifaa kilizimwa na mimi, mshumaa niliupuuza mimi. Nikisema, nitashitakiwa. Shamba linaweza kufungwa."

"Na sasa mbona unasema?"

"Sasa nimeshika mkono wa koti lake," alisema.

Nilimweleza kuhusu mama, kanisa, kwaya, Mzee Yonasi na Biblia isiyofunguliwa. Nilimwambia mama ana swali moja tu, na anayeweza kulijibu duniani ni mmoja. Aliweka mkono wa koti mezani taratibu, akatoka nje.

Siku mbili sikula mezani kwao. Nilikula mkate chumbani, nikamaliza suti, nikapiga pasi mpaka ikang'aa mahali pasipotakiwa. Siku ya kumi, asubuhi, nilimsikia akiwasha gari. Alirudi mchana, uso umenyauka kama zabibu zake za darini. Alikuwa amewaambia wakubwa wa uchunguzi yote, na mwanasheria wake alikuwa amemkimbia. Akaomba simu yangu, akarekodi sauti yake ndani, polepole, kwa Kifaransa: "Mama, jina langu ni Lucia. Mwanao hakuwa amelewa. Alisema tusishuke. Mimi nilishuka. Yeye alinitoa."

Kesho yake walitupa ruhusa ya kuondoka.

Chakula cha mwisho mzee aliweka mezani chupa ya divai ya mwaka wa kwanza wa mitungi, ambayo zabibu zake Désiré alizikamua. Safari hii sikufunika glasi. Mwanzoni ni tamu, nzito, kama zabibu kavu zilizolowekwa. Kisha uchungu unakuja kutoka nyuma, kama masizi ya sufuria, nao hauondoki. Nilitaka kuichukia nikashindwa. Yeyote atakayemwambia mama nimeandika sentensi hizi nitamshonea suruali isiyo na mifuko.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia. Mikono yangu ilikuwa mitupu, suti ilikuwa imevaliwa, na hakuna aliyenipongeza.

Gari la jeneza liliharibika karibu na njia ya kwenda Mudende. Wakulima waliokuwa wakipakia viazi waliacha magunia yao, wakavua kofia, wakasukuma. Mmoja aliuliza ni nani. Nilisema ni mudogo wangu, anatoka mbali. "Disi," akasema kwa huruma, "basi tusimucheleweshe." Walisukuma mpaka injini ikakubali.

Nyumbani niliwaweka mama na Mzee Yonasi sebuleni, nikawafungulia sauti ya Lucia, nikatafsiri neno kwa neno. Sikushona kitu. Nilisema kifaa, nilisema mshumaa, nilisema damu na daktari. Mzee Yonasi aliinua kichwa.

"Alionja?"

"Alionja, akatema. Ndiyo kazi yenyewe."

Aliwaza, akipapasa jalada la Biblia yake. "Hata mupishi anaonja," alisema mwishoni. "Donc alikufa akiokoa mutu. Kanisa itamuzika, Mama Bosco. Na kwaya yote, si nusu."

Mlikuwepo. Mliona jinsi kwaya ilivyojaa mpaka barabarani. Mliona pia waliosema amezama kwenye pipa, wameshika vitabu vya nyimbo juu zaidi ya wengine. Mzee Yonasi alifungua Biblia mara tatu. Nilisimama pale kaburini nikajiona mtu, nawaambia ukweli. Mimi wa kiti nimekwenda, nimeuliza, nimeleta. Nilimtazama mama nikitafuta uso wake umelegea, na haukuwa umelegea.

Baada ya mazishi watu walirudi kunawa mikono, kama desturi, na kunywa Fanta. Mimi nilishika jagi na beseni. Mama alikuwa wa mwisho. Alikinga mikono yake, nikaanza kumimina.

"Bosco."

"Mama."

"Aliteremusha mushumaa, ukazimika. Aliona."

"Aliona, mama."

"Na mi nilimufundisha. Nilibafundisha bote wawili."

"Ulitufundisha."

"Mulevi hajue mahali anaingia."

"Hajue, mama."

"Mulevi angelala tu, hangejua anakufa." Alikuwa anayatazama maji, si mimi. "Nilikutuma kule mbali uniletee kama hakulewa. Umeleta. Asante, mwanangu. Lakini leo, pale kwaya ilikuwa inaimba, nilikuwa namuomba Mungu akuwe alilewa."

Niliendelea kumimina. Maji yakaisha kwenye jagi. Mama alikuwa bado ameikinga mikono.